Tone la Dawa kwenye Ulimi

Mimi sikuzaliwa na subira. Mama yangu alisema nilitoka tumboni kabla maji ya kuniogesha hayajachemka, na tangu siku ile sijajifunza kungoja. Kwa hiyo majirani zetu wa Kasongo waliposikia kwamba watawa wamenichukua kunifundisha kazi ya kuzalisha, kazi ambayo nusu yake ni kukaa na kungoja, walicheka sana. Nami nilicheka nao, maana niliona wana haki.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala Kongo, na hakuna mtu niliyemjua aliyewaza kwamba siku moja wataondoka. Watawa walitufundisha kuchemsha vyombo, kukata kitovu, kupima tumbo kwa viganja na kusikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya mbao. Walitufundisha pia kutembea upesi bila kukimbia, na kwa hilo niliwashinda wenzangu wote. Nilipomaliza niliolewa na mwalimu wa shule ya misheni, na baadaye yeye akahamishiwa upande wa Kabambare, kwenye kijiji kikubwa kilichokuwa na dispensari na nyumba ndogo ya wazazi. Nyumba ile haikuwa na mzalishaji. Tukapanda lori la pamba, tukakaa juu ya magunia matupu, sufuria zangu zikagongana njia nzima mpaka tulipopita Lusangi na kuendelea.

Nyumba ya wazazi ilikuwa ya matofali na bati, ina vitanda vichache, meza ya kuzalia, jiko la primusi na kabati la dawa lenye kufuli. Dirisha lake lilitazama mashamba ya mpunga. Mtawa mkubwa wa misheni, ambaye sote tulimwita mamere, alikuja mara kwa mara na gari lake kukagua kazi, kuniletea dawa na kuniambia kwamba sakafu ingeweza kuwa safi zaidi. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu na wanawake.

Wanawake walikuja, tena wengi, na mwanzoni nilijisifu moyoni. Kisha nikagundua kwamba walikuja kwa sababu chifu ameamriwa awalete. Walikuwa wamezoea kuletwa. Miaka yote waliyokumbuka, madaktari wa ugonjwa wa usingizi walipita vijijini, wakawapanga watu wote kando ya barabara na kuwapapasa shingo, na mwenye uvimbe aliwekwa pembeni bila kuulizwa lolote. Mwanamke mmoja, mimba yake ya kwanza, aliingia kwangu na kabla sijamsalimu akainua kidevu ili nimpapase shingo. Nikamwambia shingo yake sina shida nayo, mimi nataka tumbo. Akashusha kidevu polepole, bila kuniamini.

Kila mmoja nilimpa kinini, kidonge cha kuzuia homa, maana homa ya mbu ilikuwa inaharibu mimba nyingi upande ule. Walikipokea kwa mikono miwili, wakapiga goti kidogo, wakakifunga kwenye ncha ya kikwembe na kwenda zao. Adabu yao ilikuwa nzuri mno. Lakini homa haikupungua. Wanawake wale wale niliowapa kinini walirudi wakitetemeka, macho ya manjano, na mmoja mimba yake ikatoka juu ya mkeka wangu. Nikadhani dawa imeharibika njiani kwa joto la lori.

Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kisimani baada ya mvua. Chini ya migomba, kando ya njia, niliona vitu vyeupe vimetapakaa kwenye matope. Vilikuwa vinini vyangu, vingine vimeyeyuka nusu, vingine vizima kabisa. Watu walifika pale, wakafungua ncha ya kikwembe na kukung'uta. Nilipandwa na hasira hivi kwamba niligeuka nikarudi nyumbani na mtungi mtupu, na siku hiyo tulipika kwa maji ya jirani.

Siku ya kliniki niliwasema. Niliwaeleza dawa ile imetoka mbali kiasi gani, homa inafanya nini, nani atalaumiwa wakizika watoto. Walikaa kwenye benchi wakaitika wote pamoja, "Ndiyo, mama," halafu wakafunga kinini kwenye vikwembe kama kawaida. Mume wangu, aliyesikia sauti yangu kutoka shuleni, aliniambia nilipofika nyumbani kwamba nimewafokea kama agenti wa pamba anavyowafokea wakulima. Iliniuma, kwa sababu yule agenti nilikuwa simpendi kabisa.

Kati ya waliokuja kliniki kulikuwa na mama mmoja mzee, mwembamba, asiyesema. Yeye hakuwa mgonjwa. Alimleta mkamwana wake, mke wa mwanawe, akakaa karibu na mlango na kutazama mikono yangu. Niliambiwa yeye ndiye mkunga aliyepokea karibu watoto wote wa kijiji kile kabla nyumba ya matofali haijajengwa. Nilitarajia ugomvi kutoka kwake, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa vizuri. Ugomvi haukuja. Alikuwa ananitazama tu.

Habari yake nilipewa na jirani. Mwanawe alikuwa na mke mwingine kabla ya huyu. Yule wa kwanza alizaa nyumbani, damu ikakataa kusimama, wakambeba kwa tipoi, machela ya mabegani, mwendo mrefu kwenda hospitali. Walipofika alipigwa sindano, na hapo hapo akakata roho. Mimi, kwa kazi yangu, najua kwamba mwanamke yule alifika damu imekwisha mwilini. Lakini mama mkwe wake alikuwa ameshika mkono wake. Aliona anapumua, akaona sindano inaingia, akaona hapumui tena.

Na huyu mke wa pili, ambaye sasa alikuwa na tumbo kubwa, naye alikwisha kuzaa mara moja. Mtoto alitoka mfu, na mama akamwaga damu mpaka wakawa wanammwagia maji usoni na kuita jina lake ili asiende. Alirudi kwa bahati. Nilipomshika mkono mara ya kwanza na kuona weupe wa kucha zake, nilijua kwamba akimwaga damu kama ile tena hatapona. Yule mama mzee naye alilijua jambo hilo. Sisi wawili tulikuwa tunamtazama mtu mmoja kwa hofu moja, ila hatukuwa tumeambiana.

Jioni moja, jua bado lipo, alipita kwetu na karanga kidogo kwenye sahani, kama majirani wanavyofanya. Mume wangu alikuwa amepata tembo la mchikichi. Nikamimina kwenye kikombe, nikanywa funda la kwanza, nikafuta ukingo kwa kiganja na kumpa. Alikunywa. Tuliongea juu ya mpunga, na juu ya ndege wanaoula, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa kliniki. Nilipomnyoshea mkamwana wake kinini, yule mama akasimama mlangoni, akasema nami kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Jana kwako ulikunywa mbele, kisha ukanipatia mimi. Leo unapatia mutoto wangu kitu ya kumeza, na wewe haukugusa. Jana nilikuwa mugeni. Leo niko nani?"

Benchi zima likanigeukia. Nami nikabaki na mkono hewani.

Kwetu Maniema, anayekupa kinywaji au chakula kilichopikwa huanza yeye. Tunasema anatoa sumu. Haina maana kwamba unamshuku. Ni adabu tu, kama kubisha hodi, na mtoto anayeanza kuzungumza huijua. Mimi niliijua tangu titi la mama. Nyumbani kwangu sikuweza kumpa mtu hata maji bila kugusa kikombe kwa mdomo. Lakini darasani tulifundishwa kwamba dawa ni ya mgonjwa na wala si ya mtu mwingine, na nilipovaa aproni nyeupe mambo hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu hata siku moja. Kila wiki wanawake wale walimwona mgeni kutoka Kasongo akiwanyoshea kitu cha kumeza, na yeye hamezi. Wakakipokea kwa adabu, kisha wakakitupa kwa adabu ile ile, bila kunivunjia heshima usoni.

Nikacheka, nisingeweza kufanya lingine. Nikachukua kile kinini, nikakivunja, nikatafuna pembe yake mbele yao. Uchungu ulinishika mpaka kwenye masikio. Mama mzee alinitazama mdomoni mpaka nikameza, halafu akampa mkamwana wake alama kwa kidevu, na yule binti akameza kipande kilichobaki pale pale, kwa maji ya kata yangu.

Basi tangu siku hiyo nikawa naonja. Kinini, dawa ya kikohozi, dawa ya minyoo, na mafuta ya samaki ambayo mpaka leo sitaki kuyanusa. Hata mboga ya sombe ilipoteza ladha kinywani mwangu, na mume wangu alisema kuna siku nilimbusu akadhani anatibiwa malaria. Wanawake walianza kuja mapema ili waone sura yangu wakati wa mafuta ya samaki. Walinicheka waziwazi. Mtu akishakucheka haogopi tena kusema nawe, nao wakaanza kuniambia mambo ambayo awali nilikuwa nayatafuta kwa vidole: nani anaona giza akisimama, nani miguu yake imevimba tangu wiki iliyopita, nani amekuwa akila udongo. Nami nikajifunza kuuliza kabla ya kushika. Nilisema, "Nikuguse tumbo?" na nilingoja jibu, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko kinini.

Mamere alikuja kukagua akanikuta natafuna. Aliniita pembeni, akaniambia kwa Kifaransa kwamba dawa si karanga. Nilimweleza habari ya kikombe cha tembo na vinini vya kisimani. Alikaa asubuhi yote kwenye kiti cha pembeni, akaangalia wanawake wakimeza mmoja baada ya mwingine. Alipokuwa anapanda gari aliniambia niendelee, kidogo kidogo, ila dawa za kabati lenye kufuli nisizifanyie mchezo. Huko ndani zilikuwa chupa ndogo za kioo za sindano ya kusimamisha damu baada ya kuzaa. Tangu shuleni watawa walikuwa wametuonya juu ya dawa ile: inakamua mji wa mimba kama mikono inavyokamua nguo, na mwanamke mwenye mimba asiiguse kabisa.

Siku za mkamwana zilipokaribia, yule mama mzee alinijia. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya wazazi tukapatana, kama watu wanaoozesha. Yeye alitaka awe ndani wakati wa kuzaa, si kungoja nje ya ukuta kama jamaa wa wagonjwa walivyozoea kungojeshwa. Mimi nilitaka anawe kwa sabuni mpaka viwiko, akate kucha, na asitie mizizi yoyote mahali mtoto anapopita. Hilo la mizizi tulilivutania sana, sauti zetu zikapanda mpaka mbuzi wa jirani akatukimbia. Mwishowe alikubali. Kisha akatoa sharti lake: chochote kitakachoingia kwenye mwili wa mtoto wake, aambiwe ni nini, na mimi nionje kwanza.

Nikamuuliza, na sindano je? Alitazama kiganja chake. Nilijua alikuwa amerudi hospitalini, ameshika ule mkono.

"Hata shindano," akasema. "Tone moja kwa ulimi."

Nikakubali upesi, kama kawaida yangu. Kuhusu jamaa kuingia ndani, nilimwambia mamere mapema ili asije akanikuta. Alifikiri, akasema kwamba chumba cha kuzalia kina pazia, na kutoka misheni yeye haoni kilicho nyuma ya pazia.

Ni katika majuma hayo nilipojua kwamba mimi mwenyewe nina mimba. Ilikuwa miaka tangu niolewe. Mzalishaji asiyezaa ni hadithi tamu kwa kila benchi la kliniki. Wanawake walikuwa wameniuliza kwa upole, halafu wakaacha kuniuliza, na kule kuacha kuliniumiza zaidi. Sasa nilikuwa nayo, na sikumwambia mtu. Kwetu mimba changa haitangazwi. Unaificha mpaka tumbo lijiseme lenyewe, hata mama yako mzazi anangoja, maana unaogopa vinywa na macho ya watu. Na kama kuna mtu wa kumficha kuliko wote, ni mama mzee asiye wa ukoo wako, ambaye hujui moyo wake umebeba nini. Mume wangu peke yake ndiye aliyejua. Aliacha mizaha ya kinini, akaniomba niache kuonja. Sikuacha, ila kipande changu kikawa chembe tu.

Mkamwana alipata uchungu wakati wa mavuno ya mpunga, mchana, kijiji kikiwa kitupu. Walikuja kwa miguu, yeye na mama mkwe wake, wakisimama njiani kila uchungu ulipokuja. Mama mzee alinawa mpaka viwiko, akanionyesha kucha zake bila mimi kuuliza, akakaa nyuma ya binti na kumshikilia mgongo. Tulifanya kazi vizuri. Yeye alisema naye kwa Kibangubangu, maneno ya chini chini ambayo nilishika nusu yake, na kila nilipomwambia kitu kwa Kiswahili yeye alimfikishia kwa lugha ya nyumbani kwake. Sijawahi kuona mwanamke akizaa kwa utulivu kama ule. Mtoto wa kike alitoka akalia mara moja. Kondo la nyuma likafuata, zima, na nikaanza kupumua.

Ndipo damu ikaja. Haikuja kwa kishindo. Ilikuja tu na haikukoma. Niliweka kiganja chini ya kitovu nikakuta tumbo laini, kama ugali uliozidi maji. Nikasugua. Tukamweka mtoto kwenye titi, nikasugua tena, nikabadilisha vitambaa, vikajaa. Midomo yake ikawa myeupe. Mama mkwe alimwita jina, akaitika. Akamwita tena, hakuitika.

Nilifungua kabati, nikavunja shingo ya chupa ndogo, nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nilipogeuka, mama mzee alikuwa amesimama kati yangu na kitanda. Hakufoka. Alinionyesha mdomo wangu kwa kidole.

"Tone," akasema.

Ningeweza kumsukuma, alikuwa mwepesi kama fagio. Ningeweza pia kumdanganya. Ningegeuka kidogo kuelekea dirishani, nikagusa ulimi kwa kidole kikavu, na mambo yangekwisha. Nililiwaza hilo, sitasema sikuliwaza. Lakini yule mama alikuwa amenitazama mdomoni miezi mingi, angejua. Na kama asingejua leo, mimi ningejua, na kila kinini nilichotafuna mbele ya wanawake wale kingekuwa kazi bure. Niliwaza pia kuonja kweli. Tone moja tu, pengine lisingefanya kitu. Pengine. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi ile, kwa ajili ya yule binti na kwa ajili yangu.

"Mama, hii siwezi kuonja," nikasema.

Aliniuliza kwa nini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja jibu hilo tangu zamani.

"Hii dawa inakamula tumbo ya uzazi mpaka inakaza. Mutu wa mimba haigusake. Na mimi niko na mimba. Hakuna mutu anajua, ni bwana yangu tu. Sasa na wewe unajua."

Alinitazama. Mtoto alikuwa ananyonya, na hapakuwa na sauti nyingine mle ndani. Alijua nimempa nini. Nilikuwa nimemwekea mkononi kitu ambacho angeweza kukiharibu kwa neno moja kisimani, na kama alikuwa na uchungu na watu wa sindano, sasa alikuwa na pa kuulipizia. Hakunigusa tumbo, wala hakuuliza zaidi. Aligeuka kitandani, akafunua paja la mkamwana wake na kulishika kwa mikono miwili lisicheze.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Kisha ikabaki kungoja. Nilichukua mkono wa mama mzee nikauweka chini ya kitovu cha binti, nikamwambia asugue vile na asitoke hapo, na akisikia mabadiliko aniambie, maana mimi ninataka kubaki na damu na mapigo ya moyo. Alifumba macho. Mimi nilihesabu mapigo kwenye mkono wa binti, nikapotea, nikaanza upya. Baadaye nikamsikia anasema, polepole, "Inakaza." Nikatazama kitambaa. Damu ilikuwa inapungua. Tulingoja tena, na yeye akarudia neno lile, safari hii kwa Kibangubangu, kwa ajili yake mwenyewe.

Hakuondoa mkono wake pale mchana wote. Nilimletea chakula akakataa. Jua lilipoteremka kwenye mashamba, binti alifungua macho akauliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Mama mkwe wake akamwambia ni wa kike, halafu akalia, bila kujificha, machozi yakamdondoka kwenye mkono ule ule uliokuwa juu ya tumbo. Nami nikakaa sakafuni na aproni yangu yenye damu, nikalia naye. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza.

Furaha hiyo ilikaa siku mbili tatu, kisha hofu ikachukua nafasi yake. Siri yangu ilikuwa nje. Kila nilipokuta wanawake wananong'ona kisimani nilihisi wananisema mimi. Niliwatazama usoni nitafute dalili, sikuona kitu. Walinisalimu kama kawaida na kuniuliza mafuta ya samaki yataletwa lini. Mume wangu aliponiona sili, nilimwambia nilichofanya. Alisema kwamba angekuwa yeye pale chumbani angesema vile vile. Sijui kama ilikuwa kweli, lakini nilimpenda kwa kusema hivyo.

Siku ya kliniki ilipofika nilikwenda kwa miguu mizito. Hata chembe ya dawa sikutaka tena kuigusa, na sikujua nitawaambia nini wanawake. Nilipoingia, benchi lilikuwa limejaa. Kwenye meza yangu, kando ya kiti changu, yule mama mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe. Alikuwa amenawa mikono, na kikwembe chake kilikuwa cha kwendea kanisani.

Nikamwita mwanamke wa kwanza. Nilivunja kinini kama kawaida, na kabla sijainua mkono, mama mzee alikichukua kile kipande kutoka vidoleni mwangu. Akakitia kinywani, akakitafuna kwa meno yake machache, taratibu, uso ukikunjamana mpaka macho yakapotea. Benchi likatazama. Mwanamke mmoja ambaye mdomo wake haukujua kupumzika aliuliza, leo mama wa kuzalisha ana nini hata haonji?

"Yeye alionja ya kutosha, nikamuamini," akajibu. "Sasa naonja mimi. Ao mimi pia hamuniamini?"

Wakacheka, wakasema hapana, wanamwamini, amewapokea wote pamoja na watoto wao. Wakaanza kumeza. Yeye akaniinamia, kama anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya meza, akaniambia kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida: "Wewe linda yako. Kuonja niachie."

Alikuja kila kliniki. Alionja dawa ya kikohozi, akaonja ya minyoo, na mafuta ya samaki aliyatukana kwa Kibangubangu kila alipoyameza, lakini aliyameza. Mamere alipomkuta pale aliuliza huyu ni nani, nikamwambia ni mwenzangu wa kazi, naye akamwamkia kwa mkono. Sikuwahi kumshukuru yule mama, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kulitaja lile jambo, na sisi wawili tulikuwa hatulitaji. Aliketi tu kando yangu, na mimi nilivunja dawa nikampa.

Halafu siku moja aproni haikufunga tena mgongoni, na tumbo likajisema lenyewe. Wanawake wa benchi wakaliona wote kwa pamoja. Wakapiga vigelegele, wakainuka kunishika, mwenye mdomo akadai kwamba yeye alikuwa amehisi tangu zamani. Mama mzee aligeuka kwenye kigoda chake, akanitazama tumbo, akaweka mkono kinywani. Akauliza tangu lini, na mbona sikuwaambia mama zangu. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyeshangaa vizuri kama yeye.